Wanafunzi 140, walimu wanne

Mhariri,

Juzi walifika kijijini kwetu, huku Makete, vijana wawili wa chuo kimoja na hojaji ndefu kuhusu elimu bila malipo. Wakahesabu wanafunzi: 140. Walimu: wanne. Wakaandika kwamba uwiano ni mzuri, wakawahi basi la Njombe.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Naomba niseme ambayo hawakuuliza.

Kwa kipimo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, kwenye karatasi tumetosheka. Lakini watoto hao wamegawanyika madarasa saba, awali sijaitaja. La tatu na la nne wanakaa chumba kimoja, wamepeana mgongo, kila upande na ubao wake. Nimemwona mwalimu akifuta ubao wa huku na kujibu swali la kule bila kugeuka.

Na huyo wa nne hayumo kwenye ikama, yaani orodha ya walimu walioajiriwa na serikali. Ni binti wa hapa hapa, kahitimu ualimu na anasubiri ajira. Wazazi tunamchangia viazi na visenti.

Fedha nazo hufuata vichwa. Tangu Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulioleta elimu bila malipo, ruzuku ya serikali huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kiwango kile kile cha enzi za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), na 4,000 kati ya hizo hubaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Zidisha 6,000 kwa watoto 140, gawa kwa miezi 12, unapata 70,000. Shule ya Mbeya mjini yenye watoto 1,400 inapata 700,000. Upepo uking'oa bati, bei ni moja, na sisi tunaongeza nauli ya kulipandisha mlimani. (Sisemi ada irudi, nina wajukuu wawili pale.)

Iringa kuna Mkwawa, chuo kinachoandaa walimu. Ningependa watafiti wake wapime jambo hili: kila shule ikipewa kwanza kiasi cha kuanzia, ndipo vichwa vihesabiwe, shule ndogo za Makete, Ludewa na Kilolo zitabadilika vipi? Na walimu je, watakaa?

Waje Jumatatu, waondoke Ijumaa. Pa kulala papo: nyumba ya mwalimu aliyehama kumfuata mwenza bado iko wazi.

Mjumbe wa kamati ya shule,
Makete, Njombe