Kabla hujang'oa redio orijino ya gari lako, soma hapa

Hapa dukani kwetu Ndeeba, Kampala, hakupiti siku nyingi bila kuingia Premio, Ipsum au Noah ambayo mwenyewe ameshatoa hukumu kabla ya kuzima injini: "Fundi, redio imekufa, niwekee ile ya skrini." Za skrini tunazo, na pesa hatuzikatai. Lakini redio nyingi tunazoambiwa zimekufa, tukizitoa na kuzipima mezani zinaimba vizuri tu. Ubovu uko kwenye waya, fyuzi, spika, au kwenye kidude fulani nyuma ya dashibodi ambacho wenye magari wengi hawajui kama wanacho.

Kidude hicho ni ekspanda. Redio za magari ya Japani, hasa haya ya zamani, zilitengenezwa kushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa kule kwao juu ya 90 palikuwa pa televisheni. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio hiyo peke yake itakupa CBS kwenye 88.8, lakini Capital ya 91.3 na Simba ya 97.3 utazitafuta mpaka uchoke. Ekspanda hufungwa kati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kushusha masafa. Ikiwa ni ya kushusha megahezi 12, Simba utaikuta redio inaposoma 85.3. Ikiwa ni ya 20, utaikuta 77.3, ila Capital hutaipata kabisa, maana imeshuka hadi 71.3 na redio haifiki huko. Ile ya 12 nayo inaishia 102, stesheni za juu ya hapo zinakupita. Hakuna ekspanda inayokupa zote kwa mpigo, na fundi akikuahidi hivyo muulize hesabu yake. Sisi kabla ya kufunga tunakuuliza unasikiliza stesheni zipi.

Sasa, ekspanda inahitaji umeme, na hapo ndipo matatizo huanza. Tukishusha redio mara nyingi tunakuta waya wa umeme wa ekspanda umesokotwa tu kwenye waya mwingine na kuzungushiwa tepu nyeusi. Dashibodi inapikwa na jua kutwa nzima, gundi inayeyuka, tepu inateleza, halafu matuta yanamalizia kazi. Kwa hiyo kama CD inapiga vizuri lakini FM ni mvumo mtupu, redio yako ni nzima. Tunaunga ule waya kwa risasi ya kulehemu, tunauvalisha mpira unaobana kwa joto, na tunaifunga ekspanda isining'inie. Kama hiyo siyo sababu, tunaangalia antena. Kuna magari ambayo antena yake ni mistari myembamba kwenye kioo, na walioondoa tinted kwa wembe mara nyingi waliikata bila kujua.

Redio isipowaka kabisa, anza na fyuzi. Kwenye Toyota nyingi redio inalishwa na fyuzi mbili. Moja inaleta umeme wa kudumu, na aghalabu ndiyo hiyo hiyo ya taa ya ndani na saa. Ya pili inaleta umeme ukizungusha ufunguo, na inashirikiana na tundu la kuwashia sigara. Basi kama taa ya ndani imezimika pamoja na redio, au tundu halichaji simu, umeshajua pa kutazama. Chaja za bei rahisi za pale kwenye foleni ya magari zimeunguza fyuzi nyingi sana. Rudishia fyuzi ya ampea zile zile. Ukiweka waya au karatasi ya sigara, siku nyingine kitakachoungua ni waya wa ndani ya dashibodi, na hapo hatuzungumzii tena redio.

Redio inayosahau stesheni na saa kila ukizima gari imekosa ule umeme wa kudumu. Kwenye plagi ya Toyota waya huo ni wa buluu wenye mstari wa manjano, wa ufunguo ni wa kijivu, na nagetivu ni ya kahawia. Fundi aliyezoea kwamba nagetivu ni nyeusi hukata asichopaswa kukata.

Spika ya mlango mmoja ikikatakata, kwanza angalia balansi, maana watoto hubonyeza kila kitu. Halafu fungua mlango na utazame ule mpira wenye mikunjo kati ya mlango na bodi. Ipsum moja tuliyoifungua, mlango wa dereva, ganda la waya lilikuwa limepasuka pande zote, shaba imegeuka kijani, na sauti ilikuwa ikipita kwenye nyuzi mbili tatu tu: mlango ukiwa wazi inasikika, ukifungwa inapotea. Mwenye gari alikuwa ameshanunua spika mpya. Spika unaweza kuipima mwenyewe: chomoa waya zake, kisha gusisha betri ya rimoti ya TV kwa sekunde moja. Ikilia "tap", ni nzima.

Mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta kwa kawaida ni nagetivu iliyolegea. Tukipima chaji ya altaneta na kukuta imepita volti 15, tunakutuma kwa fundi umeme wa gari kwanza.

Upande wa CD tuseme ukweli: lenzi ikichoka kwenye redio ya miaka hiyo, kuitengeneza hakulipi. Kama ina tundu la AUX tutakufungia bluetooth na utasahau visahani.

Na kabla ya kuchomoa betri, tafadhali subiri. Honda nyingi zikikosa umeme huomba namba ya siri ya tarakimu nne au tano, na huenda imebandikwa ndani ya droo ya dashibodi. Toyota zenye ramani huomba kadi yake ya SD, ambayo mara nyingi ilishatolewa, ikafutwa na kujazwa nyimbo za simu. Njoo na hiyo kadi kama bado unayo, na karatasi za gari zilizotoka Japani. Kupima tunatoza kidogo, na ukikubali tutengeneze, pesa hiyo inakatwa kwenye bei ya kazi. Redio mpya tutaizungumzia baada ya kuipima ya zamani mbele yako.