Mwamba usikudanganye

Malindi

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote nyumbani. Waniambia fundi amechimba msingi wa nyumba yako futi tatu akagonga mwamba, na sasa anataka kumwaga zege. Mzuie kwanza.

Mwamba wetu huu ni matumbawe ya kale, na maji ya mvua huula polepole kwa ndani. Uso wake ni mgumu, chini yake pengine pana pango au mfuko wa udongo mwekundu. Nguzo moja ikikaa juu ya jiwe na ya pili juu ya udongo, ile ya udongoni hushuka, na ukuta hupasuka mshazari kuanzia pembe ya dirisha.

Chimba mashimo matano: moja kila pembe ya nyumba, la tano penye nguzo nzito zaidi. Mchanga mkavu huporomoka ghafla. Ukipita mita 1.2 mtu asiingie mpaka kingo ziegemezwe mbao. Fagia mwamba uwe safi, kisha ugonge kwa mtaimbo kila nusu mita. Mwamba ukilia kwa sauti kali, jiwe limeshikana. Ukivuma kama mtungi mtupu, tia alama ya chokaa.

Lakini mtaimbo hausikii pango lililo chini sana. Kodi mashine ya kutoboa mwamba, utoboe mita 3 chini ya kitako cha msingi penye kila nguzo. Simama hapo mwenyewe uangalie vumbi. Likiwa jeupe, ungali kwenye mwamba. Likigeuka jekundu, umeingia kwenye udongo. Likikatika na chuma kikazama bila kusukumwa, hilo ni pango: andika kina kilipoanza kuzama na kilipogota tena. Pango la karibu huvunjwa paa likajazwa zege. La mbali mwachie mhandisi na vipimo vyako, aone kama boriti itavuka juu yake.

Upande wa nyuma usio na mwamba, pima ugumu wa udongo kwa fimbo ya chuma inayopigiliwa na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa milimita 575, uandike chuma kimezama milimita ngapi kila pigo. Kikigoma ghafla, usifurahi: huenda ni kipande cha tumbawe tu. Sogea nusu mita urudie.

Maji pia. Pima kisima cha jirani wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, ikijaa na ikitoka, kisha urudie wakati wa maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu. Kina kikibadilika, maji hayo yanafuata bahari. Yapeleke yakapimwe chumvi kabla hayajakorogewa zege, maana chumvi hula nondo. Na shimo la choo lisichimbwe penye ufa wa mwamba. Uchafu hupita humo bila kuchujwa hadi kisimani.

Nitumie vina vya mashimo yote matano kabla hujanunua nondo.

Wako,
rafikiyo