Mtoro wa taifa rafiki hakabidhiwi kwa nakala

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mabaharia watoro wakati wa vita inamfanya msomaji aamini kwamba taifa rafiki likidai watu wake, serikali mwenyeji hupima urafiki tu, ikawatoa au ikawanyima. Sivyo. Palipo na mkataba, kinachoamua ni daftari la mabaharia.

Mwaka 1795 Ufaransa ilikuwa vitani na Uingereza, na Marekani ilikuwa mshirika wake kwa mkataba wa 1778. Naibu konseli (mwakilishi wa serikali katika mji wa nchi nyingine) wa Ufaransa alimwomba Jaji John Lawrence wa New York hati ya kumkamata Nahodha Barré, aliyeiacha manowari Le Perdrix. Ibara ya 9 ya mkataba wa makonseli wa 1788, kati ya Ufaransa na Marekani, ilitaka ombi la maandishi, pamoja na daftari la meli au orodha ya mabaharia kuthibitisha kwamba anayedaiwa alikuwamo. Wafaransa wakaleta nakala. Jaji akataka daftari lenyewe. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Bradford, akaiomba Mahakama ya Juu ya nchi hiyo imlazimishe jaji. Ikakataa kumwamuru jaji aamue kinyume na anavyoona yeye.

Wengine huuita huo ukaidi wa makarani. Mimi namuunga mkono jaji: nakala hutoka mkononi mwa mdai, na jina huongezwa kwa mstari mmoja.

Ibara hiyohiyo ilikuwa na kikwazo kingine. Mtoro alifungwa kwa gharama za mdai, na asiposafirishwa ndani ya miezi 3 aliachiwa, wala hakukamatwa tena kwa sababu ileile. Kwa nchi ambayo meli zake zinaviziwa na adui nje ya bandari, miezi 3 si mingi.

Uingereza haikuwa na ibara kama hiyo. Mkataba wake na Marekani, wa Jay wa 1794, haukugusa watoro wa meli. Tarehe 22 Juni 1807 manowari ya Uingereza Leopard, ikitafuta watoro, ikaipiga manowari ya Marekani Chesapeake mizinga na kuchukua watu 4. Amri ya Admeri Berkeley wa Uingereza ilitaja meli zilizotorokwa, meli ya Uingereza Melampus haimo, lakini 3 kati ya hao walitoka Melampus. Wa nne, Jenkin Ratford, alikuwa mtoro kweli wa meli Halifax, iliyotajwa katika amri, ila Chesapeake ilimwandikisha kwa jina la John Wilson, kwa hiyo hata orodha ya Wamarekani isingemfichua. Alinyongwa Agosti. Maridhiano kati ya Uingereza na Marekani yalipatikana Novemba 1811, na wawili waliobaki hai wakarudishwa Boston Julai 1812, vita kati ya nchi hizo mbili vikiwa vimeshatangazwa.

Msomaji wenu