Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: tunaomba tone moja la damu

Mganga Mkuu,

Shikamoo siandiki, nina miaka 67, huenda wewe ndiye wa kuniamkia. Pokea salaam kutoka huku uwandani kwa Wamakonde. Naandika kuomba kipimo cha damu cha tone moja, kwa ajili yetu tunaomeza dawa ya kuzuia damu kuganda.

Moyo wangu umepoteza mpangilio. Ukinishika kifundo cha mkono utausikia: unagonga mara mbili, unanyamaza, kisha unakimbia kama umefukuzwa. Mjukuu wangu anasema moyo wa bibi unacheza sindimba. Nilicheka, ila sindimba ina wapigaji wanaosikilizana. Daktari alinieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vinapapatika badala ya kusukuma, damu inatuama humo, na ikituama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, ndiyo kiharusi. Hatari yake kwa watu kama mimi ni karibu mara tano ya wengine. Kidonge cha kupunguza mbio nameza na pumzi imerudi, lakini hakizuii bonge. Aspirini nayo aliniambia haitoshi.

Ikabaki kuchagua. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni nafuu, lakini inataka damu ipimwe mara kwa mara, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) ikae kati ya 2 na 3. Ikishuka, bonge, ikipanda, unavuja damu. Dawa mpya kama rivaroxaban hazidai kipimo hicho, ila ukiruka siku kinga inapotea, na dukani nalipa mwenyewe. Hela ya korosho huja kwa msimu, kidonge kinadai kila siku. Kuna na kuunguzwa sehemu ya moyo inayoleta vurugu, kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa, huko Dar es Salaam. Hilo nimeliweka kiporo.

Nikachukua warfarini. Basi la saa kumi na moja alfajiri, foleni, sindano, kisha "majibu kesho", nalala kwa wifi. Safari moja nilipiga mswaki povu likatoka jekundu. Siku tatu nilitafuta nauli. Nilipofika INR ilikuwa juu ya 5. Kumbe nilikuwa nimeacha kisamvu kabisa, kwa kuwa mtu aliniambia majani ni sumu kwa dawa hii. Majani hupunguza nguvu ya warfarini, ndiyo, lakini dozi hupangwa kwa jinsi unavyokula. Kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Na ile diklofenaki ya goti niliyojinunulia bila kuuliza ilizidisha balaa. (Kumnyima Mmakonde kisamvu, jamani!)

Utaniambia nihamie dawa mpya. Mimi naweza, kwani eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha valvu zangu, yaani milango ya moyo, ni nzima. Jirani yangu, fundi cherehani wa miaka 31, hawezi. Valvu yake imebana kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni. Kwa moyo wa namna hiyo warfarini ndiyo dawa: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha wagonjwa kama yeye, na waliopewa rivaroxaban walikufa wengi zaidi. Yeye hana cha kuchagua, ana cha kupima tu. Na kazi yake ni sindano na mkasi.

Ninachoomba ni ile mashine ndogo ya kushika mkononi: unachomwa kidole, tone moja, majibu kwa dakika chache. Iwekwe kwenye hospitali za wilaya, siku ya kliniki ya presha na kisukari, tumalize yote kwa safari moja. Vijiti vyake vya kupokelea tone la damu viagizwe kila mara kabla havijaisha, maana mashine isiyo na vijiti mwisho wake ni kufunikwa kitambaa. Na atakayesoma majibu aruhusiwe kumpigia daktari simu papo hapo, dozi ibadilishwe mgonjwa akiwa bado kwenye benchi.

Kipimo changu kingine ni Jumanne. Fundi naye anakwenda, tumepanga basi moja. Wifi nimeshamwomba mkeka wa pili.

Mimi,
Mkulima wa korosho, uwanda wa Makonde