Kabla hujatandika zulia la msikiti

Wateja wengi hapa Tanga wanaotafuta zulia la msikiti huanza kuulizia unene. Si vibaya, ila zulia nene lililotandikwa ovyo huharibika upesi kama jembamba. Sisi huanza na sakafu.

Masika ikishika, Machi hadi Mei, saruji hupandisha unyevu kutoka ardhini. Gundi haishiki, zulia linafura, kisha linanuka ukungu. Kupima ni rahisi: bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, tepu pande zote nne, kiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekoza rangi, kazi isubiri. Niru, yaani tabaka laini la saruji la juu, ikiwa inameguka ikwanguliwe yote, la sivyo gundi itashika vumbi tu.

Kibla cha Tanga ni karibu kaskazini kamili, kimeegemea mashariki kidogo mno. Kuta si lazima zifuate hivyo, hasa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa msikiti. Fundi akianzia ukutani, safu zote zinakwenda upande. Kibla kithibitishwe kwanza na imamu, uzi uvutwe, na pembe mraba ihakikiwe kwa kupima pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5. Ukuta wa mita 10 ukiwa umekwenda upande sentimita 20, pengo la mbele hujazwa kwa kipande cha pembetatu. Zulia lisivutwe kufuata ukuta.

Kama kuta zimekaa sawa, chumba chenye upana wa mita 10 na kina cha mita 7.2 kinachukua safu 6 za zulia la mita 1.2. Kila safu ikatwe mita 10.2 ili miisho ipunguzwe vizuri: jumla mita 61.2. Manyoya yote yalale upande mmoja, maana kipande kimoja kikigeuzwa rangi yake itaonekana tofauti.

Panapotuumiza kichwa zaidi ni maungio. Anayesali akikaa atahiyatu hukunja vidole vya mguu palepale safu zinapokutana, mara tano kwa siku. Ukingo usiopakwa gundi hufumuka uzi mmoja mmoja, mpaka mzee anajikwaa. Kwa hiyo kila ukingo upakwe gundi, chini iwekwe tepu pana, kisha pagandamizwe. Gundi ya sakafuni isambazwe kwa mwiko wa meno; madonge ya hapa na pale hayatoshi.

Kabla fundi hajaondoka, piga magoti upitishe kiganja juu ya kila ungio. Ukihisi tuta au pengo, arudie hapohapo, gundi ikiwa bado mbichi.