Palio ya Siena si maonyesho ya watalii

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno kuhusu namna magazeti yetu, pamoja na mawakala wa safari wanaotangaza humo, wanavyozieleza sherehe za miji ya kale ya Ulaya. Mara nyingi sherehe hizo huandikwa kana kwamba zimeandaliwa kwa ajili ya mgeni: tarehe ni hii, picha nzuri hupigwa hapa, chakula kitamu kinapatikana pale. Mimi nilikuwa Siena, katika mkoa wa Toscana nchini Italia, siku ya mbio za farasi ziitwazo Palio, na niliyoyaona yanapingana kabisa na maelezo ya aina hiyo. Wenyeji hawakuwa wakituonyesha kitu. Walikuwa na shughuli yao nzito, nasi wageni tuliachiwa tu nafasi ya kusimama kando.

Palio hukimbiwa mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai kwa heshima ya Bikira Maria wa Provenzano, na tarehe 16 Agosti, siku moja baada ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni. Wanaoshindana si wapanda farasi, na kwa kweli si farasi pia, bali ni mitaa ya mji wenyewe. Mitaa hiyo, ambayo wao huiita contrada, ni 17, na mipaka yake ni ileile iliyowekwa mwaka 1729 na Violante Beatrice wa Bavaria, aliyekuwa gavana wa mji. Kila mtaa una kanisa lake, makumbusho yake, zizi lake na chemchemi yake, ambapo mtoto hubatizwa kwa mara ya pili ili awe mwana wa mtaa, mbali na ubatizo wa kanisani. Upo mtaa wa Bata Bukini, wa Konokono, wa Kobe, wa Nungunungu na wa Mbwamwitu Jike. Upo hata wa Twiga, na mtaa wa Mnara una alama ya tembo aliyebeba mnara mgongoni. Inafurahisha kumwona mzee wa Kitaliano akitokwa na machozi kwa ajili ya twiga, lakini ukicheka mbele yake utakuwa umemkosea adabu.

Uwanja hauwezi kubeba farasi 17, kwa hiyo hukimbia mitaa 10 tu: saba ambayo haikukimbia katika mbio za mwezi huohuo mwaka uliotangulia, na mitatu inayopatikana kwa kura. Farasi nao hugawiwa kwa kura siku tatu kabla ya mbio, na mtaa ukishapewa farasi hauwezi kumbadilisha, awe hodari au goigoi. Mpanda farasi ni jambo jingine. Huyo hukodiwa kwa fedha nyingi, na anaweza kubadilishwa mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Mshindi hapati hata senti. Anapewa bendera ndefu ya hariri iliyochorwa na msanii, kisha mtaa ulioshinda ndio unaotoa fedha kumlipa mpanda farasi wake na kutimiza ahadi zilizotolewa kwa siri kwa mitaa mingine. Mtu anayetafuta faida katika mashindano haya hataielewa Siena hata akikaa mwaka mzima.

Basi mgeni aitumieje siku hiyo? Ushauri ambao sikuupata katika makala yoyote ni huu: asianzie uwanjani, aanzie mitaani. Asubuhi kuna misa ya wapanda farasi katika kikanisa kilicho chini ya mnara wa jumba la serikali ya mji, na baada yake hufanyika jaribio la mwisho la mbio, ambalo wapanda farasi hulikimbia polepole ili wasiwaumize farasi. Alasiri kila mtaa unaoshindana humwingiza farasi wake kanisani kubarikiwa. Niliingia pamoja na umati katika mojawapo ya makanisa hayo madogo, na hapo ndipo nilipouelewa mji. Milango ilifunguliwa, watu wakaacha njia katikati, na mtunzaji wa farasi, ambaye katika siku hizo hulala zizini pamoja na mnyama wake, akamwongoza taratibu hadi mbele ya altare. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyeita, kwa sababu farasi akishtuka humo ndani hakuna pa kukimbilia. Kwato ziligonga sakafu ya mawe, masikio ya farasi yakageuka huku na huku, padri akasoma sala fupi na kumalizia kwa sauti kuu: nenda, urudi mshindi! Wanaamini kwamba farasi akidondosha kinyesi kanisani ni dalili ya bahati njema. Wetu hakudondosha kitu, na niliona wazi jinsi akina mama kadhaa walivyokunja nyuso.

Kanisa kuu la Siena, lenye marmari nyeupe na ya rangi ya giza zilizopangwa kwa mistari, linastahili ziara ya siku nyingine, na kadhalika kuta za upanuzi wake uliokwama baada ya tauni ya mwaka 1348. Siku ya Palio usijaribu kuyachanganya yote.

Uwanja wenyewe, Piazza del Campo, una umbo la kombe la baharini na umeteremka kuelekea jumba la serikali. Matofali yake yamegawanywa katika sehemu tisa, ukumbusho wa Serikali ya Watu Tisa iliyotawala mji kuanzia mwaka 1287 hadi 1355. Kwa ajili ya mbio, ukingo wake hufunikwa udongo ulioshindiliwa, na kwenye kona ya San Martino, yenye mteremko mkali, huwekwa magodoro ukutani. Kuingia katikati ya uwanja ni bure, na sharti hili halisemwi vya kutosha: ukishaingia na milango ikafungwa, utakaa humo saa nyingi juani, bila kiti, bila kivuli na bila choo. Viti vya pembeni na madirisha ya nyumba hukodishwa kwa mamia ya yuro. Maandamano ya mavazi ya kale, yenye wapiga ngoma na warusha bendera wa kila mtaa, huchukua karibu saa mbili huku kengele kubwa ya mnara ikilia bila kukoma, na mwishoni huja mkokoteni unaovutwa na maksai weupe wanne, umebeba ile bendera ya hariri. Ni mazuri, ila kwa mtu aliyesimama tangu mchana yana urefu wake.

Kisha huja jambo ambalo watu wengi hulikosa kwa kudhani kuwa ni ucheleweshaji tu. Farasi tisa hupangwa kati ya kamba mbili kwa utaratibu wa kura ambao hutangazwa papo hapo. Wa kumi hubaki nyuma, nje ya kamba, na mbio huanza pale anapoamua kuingia kwa kasi. Mpanda farasi huyo anaweza kusubiri mpaka farasi wa mtaa hasimu ageuke vibaya, au mpaka mtu fulani aliyemwahidi fedha apate nafasi nzuri. Wapanda farasi walio kwenye kamba huinamiana na kunong'onezana, na kila mtu uwanjani anajua kwamba wanapatana bei. Kusubiri huku kunaweza kuchukua saa nzima. Vijana waliosimama karibu nami walikuwa wakimtukana mpanda farasi wao, kisha wakimwombea, kisha wakimtukana tena. Mbio zenyewe, mizunguko mitatu bila tandiko, huisha kwa chini ya dakika moja na nusu, na farasi aliyemwangusha mpandaji wake anaweza kushinda peke yake, kwa kuwa ushindi ni wa farasi na mtaa. Kwa wengi, furaha ya kuona mtaa hasimu umeshindwa inakaribiana na furaha ya kushinda.

Siwezi kuandika haya nikayaficha mengine. Farasi wamekufa katika mbio hizi, na watetezi wa haki za wanyama wamezipinga kwa miaka mingi. Mji umechukua hatua: farasi hukaguliwa na madaktari wa mifugo kabla ya kugawiwa, na wale wa mbegu safi za mashindano hawaruhusiwi tena kwa sababu miguu yao haivumilii kona zile. Kwa maoni yangu hatua hizo zimepunguza hatari bila kuimaliza. Anayeona hawezi kustahimili asiende, na gazeti linaloipamba sherehe hii bila kulitaja jambo hilo linamnyima msomaji haki ya kuamua mwenyewe.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mtakapoandika tena kuhusu Siena, mwambieni msomaji mambo ya kumfaa. Mwambieni asinunue tiketi ya kurudi ya asubuhi inayofuata. Mvua ikinyesha, bendera ya kijani hutundikwa kwenye jumba la serikali na mbio huahirishwa, bila kujali nani ametoka wapi. Mwaka 2024 mbio za Julai zilisogezwa kutoka tarehe 2 hadi tarehe 4. Mwambieni asivae skafu ya mtaa wowote aliyoinunua dukani kwa sababu tu ya rangi zake, kwani akiingia nayo katika mtaa hasimu hatapokelewa kwa tabasamu. Na kama ana watoto au wazee, au hawezi kusimama muda mrefu, aje siku mbili au tatu kabla, ayaone majaribio ya asubuhi na jioni katika uwanja uleule. Farasi ni walewale, nyimbo za mitaa ni zilezile, na anaweza kutoka pindi jaribio linapokwisha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi