Barua kwa Rehema, kabla hajahamia Arusha

Arusha,
Septemba 2025

Shoga yangu Rehema,

Hujambo? Baba Hamisi na watoto hawajambo? Mpe mama shikamoo yangu, mwambie ile mikate ya ajemi aliyoniahidi bado naidai. Sisi wazima, baridi ndiyo inaanza kutuachia.

Haya, tuje kwenye lako. Uliponiambia uhamisho umetoka na mtakaa Levolosi, nilipiga kigelegele mle dukani mpaka wateja wakageuka. Halafu ukaongeza: shule za serikali hapo mjini huzitaki, nikutafutie ya kulipia yenye basi. Hapo ndipo nikaona bora niandike, maana ujumbe wa sauti ungekuwa mrefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi na usingeufikisha mwisho. Nakujua.

Rehema, unakuja kukaa mahali ambapo shule ziko mlangoni. Levolosi hiyo hapo, Kaloleni hiyo hapo, Meru na Uhuru ziko huko huko kati, Ngarenaro hata kwa kujivuta unafika. Watu wa Kwa Mrombo na Muriet wanaamsha watoto gizani kuwaleta huku, kwa sababu wenyewe wanauza Soko Kuu au Kilombero na wanataka mtoto awe karibu na biashara. Ndiyo maana madarasa yanajaa. Sisi tunaoishi mjini, wenye vijisenti, wa kwetu tunawapakia kwenye mabasi ya njano wakasome nje ya mji! Asubuhi Barabara ya Sokoine wanapishana, hawa wanaingia, wale wanatoka. Huwa nacheka peke yangu.

Sikufichi, wingi wa watoto upo. Serikali inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini darasa la Glory wangu limepita hapo kitambo. Mwalimu wake ni hodari, ila daftari linaweza kusahihishwa leo au keshokutwa. Na kelele: bodaboda, vipaza sauti vya wauza dawa za mende, na upande wa barabarani fremu za biashara zimekula kipande cha uwanja. Kwenye kikao cha wazazi niliuliza kodi ya fremu hizo inakwenda wapi. Niliangaliwa! Baba Glory aliposikia akasema sasa nimekuwa diwani.

Ada hakuna, hilo unalijua. Lakini uji, mitihani ya majaribio na mlinzi vinajadiliwa kikaoni, na michango hiyo ni ya hiari, mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu yake. Usikose vikao. Wanaolalamika zaidi ndio hawaji.

Sasa hilo basi unalolitaka. Mtoto wa Mama Nasra anachukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu ndiye wa kwanza kwenye mzunguko, anarudi jua linazama. Ana miaka saba. Glory anatoka nyumbani saa moja kasoro na uji tumboni. Mama mkwe yeye alishauri bweni, nikamwambia mama, tangu Machi 2023 bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano limezuiwa. Akanyamaza, kisha akasema basi atakaa kwake Machame. Hapo nami nikanyamaza.

Najua kinachokusumbua ni Kiingereza. Hata mimi kinanisumbua, sijidai. Mtoto anasoma kwa Kiswahili msingi yote, akifika kidato cha kwanza kila kitu kinageuka. Kwa mtaala mpya Kiingereza kinafundishwa kama somo tangu la kwanza, ni afadhali, lakini somo moja si sawa na kusoma Hisabati na Sayansi kwa lugha hiyo. Ipo njia ya katikati: Arusha School, ya serikali, ya tangu 1934, inafundisha kwa Kiingereza na iko mjini humu humu. Ada inalipwa na nafasi zinagombewa, kwa hiyo kama unaitaka kwa ajili ya Zuhura wako anayeingia la kwanza usisubiri Januari.

Kwa Hamisi ni jambo jingine kabisa. Yuko la nne, kasoma kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukimpeleka ya Kiingereza sasa, nyingi zitataka arudie darasa. Mama Nasra anasema hilo ndilo zuri, kwa sababu msingi kwa mtaala mpya unaishia la sita, na walioanza la tatu 2024 ndio watakaomaliza la sita mwaka 2027 pamoja na wale wa la saba, na 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Kwamba akirudia darasa anaukwepa msongamano. Nimeliwaza sana hili. Naona ni kumfanya mtoto alipie hesabu za wakubwa. Arudie kwa sababu hajui kusoma, sawa. Arudie kwa sababu ya foleni? Na sekondari za kutwa nazo ziko za kutembea: Kaloleni, Arusha Day, Ngarenaro.

Hamisi usimwondoe Tanga kabla ya upimaji wa la nne mwezi ujao, amesajiliwa huko. Baada ya hapo uhamisho unapita kwenye PREM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo namba yake iwe mkononi. Zuhura anahitaji cheti cha kuzaliwa, na usajili wa la kwanza unaanza Oktoba.

Narudi kwenye Kiingereza, maana najua ndiko utakakorudi wewe. Jumamosi nampeleka Glory Maktaba ya Mkoa, anachagua vitabu vya hadithi mwenyewe, jioni tunasoma wote. Mimi matamshi yangu unayajua, ananisahihisha! Pesa ya basi na ada ya kulipia ingeweza kumlipa mwalimu wa twisheni na bado ikabaki. Ila kama utaajiri yule Ufoo, hapana. Ufoo tumwache alipo.

Halafu fikiria mvua za Aprili, au siku umechelewa kazini. Kwa shule ya hapa mtoto anarudi kwa miguu na wenzake. Ya mbali utamtuma bodaboda, au atasimama stendi akigombana na makonda wa vifodi, daladala za huku, wanaomkimbia kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi ya mia mbili.

Nyumba yenyewe iko upande gani, karibu na soko au huku kwetu? Barabara kubwa watavuka au hawavuki? Baba Hamisi anasemaje, au naye keshaahidiwa basi? Cheti cha Zuhura mlishakifuata RITA au bado ni kile kitangazo cha kizazi? Hamisi mwenyewe umemuuliza? Na nikimwona mwalimu mkuu wiki ijayo nitaje watoto wawili au mmoja?

Wako,
Happy

N.B. Masweta usinunue huko. Kila shule ina rangi yake.